Nani Alipanda Miti Hii?



Tulitembelea kikundi kimoja cha kina mama upande wa Kakuma, si mbali na laga ya Tarach. Walikuwa wamepanda miche waliyopewa na mradi fulani. Kazi waliifanya, hakuna atakayesema hawakuifanya. Walichimba mashimo, wakazungushia kila mche matawi ya miiba, wakabeba maji kichwani asubuhi na jioni. Tulipofika, miche iliyokuwa hai haikuzidi vidole vya mikono miwili. Mama mwenyekiti alituonyesha bila kuficha. Akasema, "Mbuzi wametumaliza."

Kikundi kilikuwa kimeanza kuzungumza juu ya sheria mpya. Mbuzi wote wafukuzwe kabisa mahali pale, na mwenye mbuzi atakayekamatwa alipe faini. Walitaka sisi tuwasaidie kuiandika sheria hiyo na kuipeleka kwa chifu.

Na kusema kweli, tulikuwa tayari kuiandika. Hata sisi chuoni tulifundishwa hivyo, kwamba mbuzi ni adui wa mti. Mabango yalikuwa mengi siku zile: mbuzi amesimama kwa miguu miwili anatafuna tawi la mwisho, na nyuma yake jangwa.

Lakini kulikuwa na mzee mmoja ameketi juu ya ekicholong chake, amenyamaza muda wote. Kalamu ilipotoka mfukoni akauliza swali moja tu: "Na ile miti kule, nani aliipanda?"

Tukageuka. Mwendo mfupi kutoka kwa miche iliyokufa palikuwa na kichaka cha ewoi, ule mgunga tunaoujua sote. Miti michanga, mingine yafika kifuani, mingine imempita mtu, imesongamana kama watu kwenye foleni ya mgao. Na ukiangalia vizuri, ilikuwa imeota kwa mduara. Hakuna mradi uliopanda pale, wala hakuna mtu aliyebeba mtungi.

"Hapo palikuwa boma la mbuzi wangu," mzee akasema. "Tulihama, mvua ikaja."

Sheria ya faini haikuandikwa siku hiyo. Tulirudi Lodwar na swali la mzee, tukauliza wenzetu wa misitu na wa mifugo, tukasoma. Tuliyoyapata ndiyo tunawaletea hapa, kwa sababu vikundi vingi vyaweza kupoteza nguvu na pesa kama kikundi kile, na wengine wameshaanza kugombana na majirani kwa ajili ya mbuzi.

KUMBE WALISHAANGALIA

Jambo la kwanza lililotushangaza ni kwamba maneno ya mzee yalishachunguzwa, tena hapa hapa Turkana. Katika miaka ya 1980 wataalamu wengi walikaa kusini mwa wilaya, nchi ya Ngisonyoka, wakitaka kujua wafugaji wanaishije katika nchi kavu namna hii bila kuimaliza. Wawili kati yao, Robin Reid na James Ellis, walichunguza ewoi. Mwaka wa 1995 walitoa matokeo yao. Walikuta kwamba ndani ya maboma yaliyohamwa mbegu za ewoi zilikuwa nyingi mno kuliko ardhi ya nje, na miche vilevile. Udongo wa boma ulikuwa na chakula zaidi cha mimea na ulishika maji vizuri zaidi. Wakasema waziwazi kwamba wafugaji na mifugo yao wanasaidia miti kuzaliwa.

Wakati huo watu wengi, serikali na mashirika pia, walikuwa wanasema kinyume. Walisema Mturkana na mbuzi wake ndio wanaoleta jangwa. Sisi wenyewe tulilisema jambo hilo katika semina, na tunaona haya kidogo tukikumbuka.

Sasa inakuwaje? Tufuate mbegu.

Wakati wa kiangazi ewoi huangusha maganda yake, yale tunayoyaita ngitit. Kila mama wa Turkana anajua thamani yake. Wengine huyaweka akiba kwa mifugo, na wakati wa njaa hata watu huyapika. Mbegu iliyo ndani ni ngumu kama kokoto. Ikianguka chini ya mama yake ina matatizo mawili. Kwanza, kuna wadudu wadogo wanaotaga mayai ndani ya ganda, na funza wao hula mbegu kutoka ndani mpaka ibaki ganda tupu. Pili, ngozi yake ngumu haipitishi maji, kwa hiyo mvua inaweza kunyesha na mbegu isijue.

Mbuzi, ngamia au ng'ombe akila ganda, mbegu nyingi husagwa menoni na kupotea. Lakini si zote. Zile zinazopita salama hukaa katika joto na maji ya tumbo, ngozi ikalainika kidogo, na funza aliyekuwa ameanza kula anaweza kufia humo. Usiku mifugo inarudi bomani. Inalala, inakunya. Kila usiku, wiki baada ya wiki, mbegu zilizookotwa mbali katika malisho zinakusanywa mahali pamoja, juu ya godoro la samadi, ndani ya uzio wa miiba. Tafuteni kitalu kizuri kuliko hicho.

Halafu watu wanahama. Hapa ndipo penye siri yote, na tutaparudia. Boma likibaki na mbuzi, mche unaochomoza leo unaliwa au kukanyagwa kesho. Boma likiachwa kabla ya mvua, mche unapata nafasi. Miiba mikavu ya uzio inabaki pale ikizuia wanyama kwa muda, na mzizi unateremka haraka. Mche wa ewoi una tabia hiyo: unaanza chini kabla ya juu. Majani ni mawili matatu tu, lakini mzizi umeshakwenda kutafuta unyevu.

Miche ya kile kikundi ilikuwa imekulia katika mifuko ya plastiki. Mzizi ukifika chini ya mfuko hujikunja kama kamba. Ukihamishwa kwenye ardhi ngumu ya Kakuma, unangoja maji ya mtungi. Siku mtungi ukikosa, basi. Mbuzi walikula kweli, hatukatai, lakini tulipochimbua miche kadhaa tulikuta mizizi imejiviringa na kukauka. Mbuzi alikula kilichokuwa tayari kinakufa.

WAFANYAKAZI WASIOONEKANA

Samadi peke yake haitoshi. Rundo la samadi kavu linaweza kukaa miaka na lisilishe kitu. Lazima kuwe na mtu wa kulipika, ndipo mmea uweze kula. Kazi hiyo hufanywa na viumbe wa udongoni, na wakubwa kati yao ni kuvu.

Kuvu tunaijua. Ni ule ukungu juu ya ugali uliolala siku tatu, na ni uyoga unaochomoza baada ya mvua. Lakini uyoga ni tunda tu. Kuvu yenyewe ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazotambaa ndani ya udongo na ndani ya vitu vilivyokufa, zikivimeng'enya polepole.

Kuna kuvu za namna nyingine ambazo hazili vitu vilivyokufa. Zinaingia ndani ya mizizi ya mmea ulio hai, na si kwa ubaya. Wataalamu huita urafiki huu maikoriza, maana yake kuvu-mzizi. Jina hilo lilitolewa na Mjerumani Albert Bernhard Frank mwaka wa 1885. Ewoi wanao urafiki huu, nyasi zetu nyingi wanao, na mtama na mahindi ya shambani pia.

Unakwenda hivi. Mti hutengeneza sukari katika majani yake kwa nguvu ya jua. Sehemu ya sukari hiyo, pengine hata moja ya tano, hupewa kuvu. Kuvu haina majani, haiwezi kujitengenezea. Kwa malipo, nyuzi za kuvu hupenya mahali ambapo mzizi hauwezi kupenya kwa unene wake, zikaleta chakula, hasa kile kinachoitwa fosforasi, na husaidia mti kupata maji wakati wa ukame. Tukilinganisha na maisha yetu, ni kama mtu mwenye mbuzi na mtu mwenye shamba la Turkwel. Huyu ana maziwa, yule ana mtama. Hakuna anayemfanyia mwenzake huruma, lakini kila mmoja asipopata cha mwenzake atalala njaa.

Tena nyuzi hizo hushikanisha chembe za mchanga zisipeperuke. Chukueni konzi ya udongo chini ya ewoi mkubwa, halafu konzi nyingine kutoka mahali peupe palipokanyagwa. Ule wa kwanza hushikana kidogo, una vipande vipande. Wa pili unapita katikati ya vidole kama maji.

Mche mpya unaoota karibu na mimea hai hukutana na nyuzi zilizo tayari. Mche unaopandwa katikati ya ardhi tupu, ambapo hapajaota kitu kwa miaka na upepo umechukua udongo wa juu, huenda usikute mtu wa kufanya naye biashara. Nchi kadhaa za Afrika zilijifunza hili kwa misonobari iliyoletwa kutoka ng'ambo. Ilidumaa vitaluni, ikawa manjano, mpaka udongo wenye kuvu zake ulipoletwa ndipo ikakua. Mti ulikuwa umesafirishwa bila rafiki yake.

Lakini tuseme ukweli wote. Mahali penye samadi nyingi sana, mmea huona chakula kipo karibu, ukapunguza kuilipa kuvu. Kwa hiyo katikati kabisa ya boma jipya urafiki huu huenda ukawa dhaifu mwanzoni. Mche huanza maisha kwa samadi. Mzizi ukishapita samadi na kuingia ardhi ya chini, hapo ndipo kuvu inakuwa na kazi. Na mmea unaoliwa kila siku bila kupumzika, majani yakiisha kabla hayajakomaa, utakuwa na sukari gani ya kumlipa mwenzake? Malisho yasiyopumzika hudhoofisha juu na chini pia, ila chini hatupaoni.

MCHWA NAO WANALIMA

Anayesafiri kutoka Lodwar kwenda Kakuma anaona vichuguu kando ya barabara, vingine virefu kuliko mtu, vyembamba kama minara. Wageni husimama kupiga picha. Sisi tunavipita tu, pengine tukikasirika kwamba mchwa wamekula nguzo ya nyumba.

Nchi yetu ina shida moja kubwa. Kuvu inapenda unyevu, na Lodwar hupata mvua ya kama milimita 200 tu kwa mwaka, nayo haiji kwa ratiba. Juu ya ardhi jua linaua kila kitu chenye maji. Basi nani ataozesha majani makavu, vijiti na samadi?

Mchwa wanaojenga vichuguu vikubwa wametatua shida hiyo. Hukusanya nyasi kavu, vipande vya mti na samadi, wakaviingiza ndani. Wenyewe hawawezi kuvimeng'enya vizuri. Kwa hiyo humo ndani wanalima shamba la kuvu. Hujenga masega kwa mabaki waliyoyatafuna, kuvu inaota juu yake, na mchwa wanakula kuvu pamoja na chakula kilicholainishwa. Kichuguu kimejengwa ili hewa na unyevu wa ndani visibadilike sana, hata jua liwe kali namna gani nje. Kuvu hiyo huishi na mchwa tu. Wakati mwingine baada ya mvua hutoa uyoga mkubwa juu ya kichuguu, nao unaliwa.

Kwa hiyo mbuzi anatafuna, mchwa anabeba, kuvu inapika. Udongo wa kichuguu huwa na rutuba kuliko wa jirani, na kichuguu kikifa na kubomoka rutuba hiyo inarudi kwa mimea. Kina mama wanaolima bustani wanajua. Na wakati wa kumbikumbi hatuhitaji kuwaeleza faida nyingine ya mchwa!

BOMA LINAKUMBUKA

Tukajiuliza: rutuba ya boma inadumu muda gani? Mwaka mmoja? Miwili?

Jibu lilitushinda kuamini. Huko Laikipia kuna viwanja vya nyasi fupi za kijani katikati ya vichaka. Wachunguzi waligundua kwamba vingi vilikuwa maboma ya ng'ombe, mengine yameachwa miongo mingi, na bado wanyama wa porini hupenda kulisha hapo. Kisha mwaka wa 2018 kikundi cha wachunguzi pamoja na Fiona Marshall walitoa habari za maboma ya wafugaji wa kale upande wa Narok. Maboma yale yana umri wa miaka 1,500 hadi zaidi ya 3,000, na udongo wake mpaka leo una rutuba kuliko ardhi ya jirani. Fikirini: ng'ombe waliolala pale kabla ya Bwana wetu kuzaliwa, samadi yao bado inalisha nyasi.

Na si Afrika tu. Kaskazini kabisa mwa Uswidi, nchi ya baridi na theluji, wako wafugaji wanaoitwa Wasami. Mifugo yao ni paa wakubwa wa baridi ambao zamani walikusanywa mahali pamoja kukamuliwa. Nchi ile kwa kawaida ni vichaka vifupi na kuvumwani. Lakini pale palipokuwa zizi la kukamulia ni nyasi tupu, hata miaka mia moja baada ya watu kuacha. Mwato, samadi na mkojo viligeuza udongo, na viumbe wa udongoni wakageuka pamoja nao. Mzee wetu wa Kakuma na mzee wa Kisami wangekutana, bila shaka wangeelewana haraka kuliko sisi wenye diploma.

SASA SHIDA IKO WAPI?

Kama mbuzi wanapanda miti, mbona kuzunguka Kakuma, Lodwar na hata vituo vidogo ardhi ni nyeupe?

Jibu letu ni moja, na tunalisema tukijua halitawafurahisha wote. Boma halihamwi tena.

Zamani familia ya Ngisonyoka ilihama mara nyingi kwa mwaka, na kila ilipohama iliacha nyuma kitalu. Leo wengi wetu tumekaa. Tumekaa kwa sababu ya shule, hospitali, kisima na mgao. Wengine tumekaa kwa sababu mifugo iliisha katika ukame, na hivi karibuni zaidi ile misimu mitano ya mvua iliyokosekana kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 imewaleta wengi barabarani. Kambi ya wakimbizi Kakuma ilifunguliwa mwaka wa 1992, na makao ya Kalobeyei yakafuata mwaka wa 2016. Soko likawa kubwa, watu wakakaa karibu nalo. Hatusemi watu warudi kuhamahama kwa nguvu. Hatutamwambia mama aondoe watoto shuleni ili ewoi waote.

Lakini tuone kinachotokea. Boma linakaa mahali pamoja miaka kumi. Samadi inapanda mpaka magotini. Mbegu zimo ndani kwa maelfu, lakini kila inayochipua inakanyagwa. Kisha samadi inachomwa moto kupunguza kupe na viroboto, na mbegu zinaungua nayo. Mbuzi wale wale, samadi ile ile, lakini hakuna mti hata mmoja. Nje ya boma ewoi wakubwa wanakatwa kwa makaa ya kuuza, kwa hiyo hata maganda yanapungua. Mbuzi hana hatia peke yake hapa. Kilichokosekana ni pumziko.

Na kuna jambo lingine la hatari. Katika miaka ya 1980 mathenge, tunayemwita etirae, alipandwa Turkana na Baringo kuzuia mchanga na kuleta kuni. Maganda yake ni matamu, mbuzi wanayapenda. Mbegu zake hupita tumboni vilevile kama za ewoi, hulala bomani vilevile, na huota haraka zaidi. Yaani njia ile ile iliyoleta ewoi sasa inaleta etirae. Wakaazi wa Baringo walikwenda Mahakama Kuu Nairobi katika kesi ya mwaka wa 2006, na mbuzi aliyeharibika meno kwa maganda hayo akapelekwa kama shahidi. Watu walicheka magazetini, lakini wenye mbuzi hawakucheka.

KINACHOWEZA KUFANYWA

Tulirudi kwa kikundi cha Kakuma, tukakaa chini ya mti siku nzima. Yaliyokubaliwa pale tunayaandika si kama amri, bali mjaribu na kutuambia.

Kila familia inaweza kuwa na maboma mawili au matatu badala ya moja, hata kama nyumba haihami. Mbuzi walale katika moja, halafu wahamishiwe jingine kabla ya mvua, na la kwanza lifungwe mlango kwa miiba. Si lazima liwe mbali. Hatua mia moja zatosha. Boma lililofungwa lisiguswe mpaka miche ipite midomo ya mbuzi, na hiyo si kazi ya msimu mmoja. Samadi ya juu ikizidi unene, iparuzwe na kupelekwa bustanini, ibaki tabaka jembamba lenye mbegu, maana mche hauwezi kupenya samadi ya magotini. Na lile la kufungwa lisichomwe.

Wiki za mwisho kabla ya kufunga, mbuzi walishwe ngitit nzima, zisitwangwe. Lakini etirae kinyume chake. Maganda yake yakilishwa yatwangwe au yasagwe kabisa mpaka mbegu zivunjike, ndipo mbuzi apate chakula bila kupanda adui. Mche wa etirae ukionekana ndani ya boma ung'olewe ukiwa mdogo, na mzizi wake. Ukishakuwa na miiba umechelewa. Watoto waliweza kutofautisha majani baada ya kuonyeshwa mara moja tu, kuliko sisi wageni.

Anayetaka kupanda kwa mkono, achukue konzi mbili tatu za udongo kutoka chini ya ewoi mzee na kuzitia katika shimo. Ni kama chachu ya unga: humo mna kuvu. Asichimbe sana asije akaumiza mizizi ya huyo mzee. Na apande karibu na kichaka kilicho hai, si katikati ya uwanja mweupe.

Mvua ilipokuja haikuwa nyingi. Katika maboma mawili yaliyofungwa miche ilichomoza kama nywele. Kiangazi kikaua mingi. Iliyobaki kikundi hakikuimwagilia hata mtungi mmoja, na mama mwenyekiti alituambia kwamba mgongo wake umeshukuru.

MITI HIYO NI YA NANI?

Likatokea swali ambalo hatukulitazamia. Boma moja lililofungwa lilikuwa la familia iliyohamia Lodwar mjini. Miti ikikua, nani atakula maganda? Nani atakata tawi?

Kando ya mto Turkwel swali hili lina jibu la zamani. Kila familia inajua ekwar yake, sehemu yake ya miti ya mtoni, na mgeni haokoti ngitit pale bila ruhusa. Katika miaka ya 1980 Edmund Barrow, aliyefanya kazi ya misitu hapa Turkana, aliandika juu ya desturi hiyo, akawaonyesha wakubwa kwamba miti ya Turkana ina wenyewe. Lakini boma la nchi kavu, mbali na mto, desturi yake si wazi hivyo. Kuna Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka wa 2016 inayoruhusu jamii kuandikisha ardhi yao na kuweka kanuni zao wenyewe. Lakini sheria haitasema ewoi fulani ni wa mama fulani.

Mzee wa ekicholong alisema mti ni wa mwenye mbuzi, kwa sababu mbuzi wake ndiye aliyepanda. Mama mmoja kijana akamjibu kwa heshima, "Baba, mbuzi walikuwa wako, lakini aliyefunga mlango kwa miiba na kufukuza mbuzi wa wengine miaka miwili ni mimi." Mzee akacheka, akatikisa kichwa, hakujibu. Mwingine akasema maganda yagawanywe, tawi lisikatwe na mtu kabla ya wote kukaa.

Kikao kiliahirishwa mpaka mwenye boma aitwe kutoka Lodwar. Vikundi vya Lokichar, Kalokol, Kerio na kwingineko, mkishazungumza jambo hili kwenu, tuandikieni mliamuaje.